Harshly: ni ukali gani huo, na unautumiaje bila kujichanganya

Nafanya kazi kwenye steshenari hapa Dar, kuchapa barua, CV, maombi ya kazi, na zile barua za malalamiko ambazo mtu anakuja nazo kwenye simu kaziandika usiku wa manane hasira zikiwa bado za moto. Juzi kati kaja mdada mmoja, kwao Tanga, karudi kutoka Uarabuni alikokuwa anafanya kazi za ndani, anataka kumwandikia wakala aliyempeleka kule na barua ameambiwa iwe ya kingereza. Kanipa simu, "kaka we nirekebishie tu vile vikosa vidogo vidogo afu nitolee kopi." Nikasoma sentensi ya kwanza: "Madam was treating me very hardly." Nikamuuliza, dada hapa ulitaka kusemaje? Akaniangalia kama vile mimi ndo sijui kusoma. "Si alikuwa ananitendea kwa ukali bana, hard, hardly!"

Na ukisikiliza hesabu yake iko sawa kabisa. Shule tumefundishwa kivumishi ukikibandika ly mwishoni unapata kielezi, slow inakuwa slowly, quick inakuwa quickly, kwaiyo hard iwe hardly, kuna ubaya gani? Ubaya ni kwamba hilo neno lilishahama nyumba. "Hardly" ya leo maana yake ni kidogo sana mpaka ni kama hakuna. "I hardly slept" ni kwamba usingizi wenyewe sikuupata, labda nusu saa. "She hardly paid me" ni kwamba mshahara ulikuwa wa kudonoa donoa. Sasa mtu wa upande wa pili akisoma "treating me very hardly" atakuna kichwa, huyu katendewa au hakutendewa? Kwenye vitabu vya kingereza cha zamani utakuta kweli "hardly" imetumika kwa maana ya ukali, kwaiyo dada wa watu hakubuni, kachelewa tu kuzaliwa, ila leo ukiandika hivyo umejiharibia barua. Na "hard" yenyewe ikifanya kazi ya kielezi haibandikwi kitu chochote, inabaki hivyohivyo: "she hit me hard", alinipiga kwa nguvu, "I worked hard", nilijituma.

Neno alilokuwa analitafuta ni "harshly". Na kwa kuwa siyo yeye peke yake, wiki haipiti sijakutana na mtu kalikosea au kaliweka mahali ambapo halikai, nimeona niliandike kwa kirefu.

Tuanze na "harsh" maana "harshly" ni mtoto wake. Kwa asili ni neno la watu wa kaskazini mwa Ulaya, hadi leo Denmark na Uswidi wanalo neno la ukoo huohuo, "harsk" na "härsk", wanalitumia kwa mafuta au siagi iliyochacha, ile ukiimeza inakukwaruza koo. Shika hapohapo kwenye kukwaruza, umemaliza nusu ya kazi. Harsh ni msasa. Ni kitu kinachokwaruza ngozi, sikio, macho, ulimi, na mwisho kinakwaruza moyo. Chupa ya losheni imeandikwa "no harsh chemicals", wanakwambia humo hamna kemikali za kukuchubua. Geti la bati likiburuzwa kwenye sakafu ya saruji ile sauti ni "harsh". Taa nyeupe inayokumulika mpaka unafinya macho, "harsh light". Na binadamu akikutendea hivyohivyo, kimsasa msasa, basi amekutendea "harshly".

Kama una Biblia mbili ndani fungua Mithali 15:1 kwenye zote. Zile za kingereza cha siku hizi nyingi zinasema "a harsh word stirs up anger". Ya Kiswahili, ile ya Union, inasema neno liumizalo huchochea ghadhabu. Umeona? Hawakusema neno kali, wamesema neno liumizalo. Wale wa Union hawakuwa wanatafsiri hicho kingereza cha juzi, ila wamegonga palepale, na mimi tangu niligundue hilo nimeacha kuwaambia watu "harsh maana yake kali" basi tukaishia hapo. Ni ukali unaoumiza.

Kuna kitu kingine kamusi nyingi zinakipita haraka, na kwangu mimi ndo chenyewe hasa. "Harshly" ni neno la mtu mwenye upande. Ukisema "the teacher punished him harshly" hujaeleza tu kwamba adhabu ilikuwa nzito, umeshatoa hukumu kwamba mwalimu kazidisha, mtoto kachelewa dakika tano anapigishwa magoti juani mpaka saa sita. Ukisema "the teacher punished him severely" umesema adhabu ilikuwa kubwa, yawezekana alistahili, hujaingia kwenye ugomvi wao. Ukisema "the teacher is strict" ndo kabisa, hapo inaweza ikawa hata sifa, wazazi wanahamishia watoto shule hiyo kwa sababu hiyohiyo. Ndo maana tangazo la shule litaandika "latecomers will be severely punished" wala hutaona "the headmaster is harsh", nani ajishtaki mwenyewe ukutani. Ila kuna sehemu moja wakubwa wanalitumia wenyewe bila aibu, "offenders will be dealt with harshly", na hapo ujue ni kitisho, anakutangazia mapema kwamba siku hiyo hatajali ukiumia.

Kwaiyo kabla hujaliandika jiulize mambo mawili tu. Imezidi? Imeumiza? Kama yote ni ndiyo, weka harshly. Kama ni kubwa tu lakini hakuna aliyezidisha, tafuta neno lingine.

Na hapa ndo sisi waswahili tunapata shida kuliko mtu mwingine, kwa sababu sisi tuna kapu moja linaitwa -kali na tunatupia kila kitu humo. Mwalimu mkali, mbwa mkali, pilipili kali, kisu kikali, jua kali, homa kali, dawa kali, ulinzi mkali, na vijana wameongeza ngoma kali kwa maana ya wimbo mtamu. Kingereza kila kimoja hapo kina neno lake na ukichomeka harsh kila mahali utachekwa. Mwalimu ni "strict". Mbwa ni "fierce", na wale wa Nairobi wanaoandika "mbwa kali" getini ngeli imewakimbia ila ujumbe unafika. Pilipili ni "hot". Kisu ni "sharp". Homa ni "high fever". Dawa kali ni "strong", maana ukimwambia daktari "harsh medicine" ataelewa kwamba inakuunguza tumbo. Ulinzi ni "tight security". Jua hapo kidogo mnaweza kuelewana, "harsh sun" lipo, wapiga picha wanalipenda sana kwa jua la saa saba mchana linalofanya kila mtu kwenye picha ya harusi awe na vivuli vyeusi chini ya macho, ila kwenye maongezi ya kawaida watu watasema "hot sun".

Upande wa pili wa shilingi, kuna -gumu na -chungu zetu ambazo kingereza ndo zinaingia kwenye harsh. "Mazingira magumu" ni "harsh conditions". "Ukweli mchungu" mara nyingi ni "the harsh truth". Sasa mtu aliyekariri harsh ni kali tu hizi zinampita.

Haya, twende kwenye kulipanga kwenye sentensi, na hapa sitachukua muda mrefu maana sheria zenyewe chache. Mahali pake panapopendeza ni mwishoni, baada ya mtu aliyetendewa: "She treated me harshly." Usilichomeke katikati ya kitenzi na mtu, "she treated harshly me" ni Kiswahili kilichovaa suti. Ukigeuza sentensi ikawa ya kutendewa unaruhusiwa kulipeleka mbele kidogo, "I was harshly treated" au "I was treated harshly", zote sawa, ya kwanza ina harufu ya barua rasmi kidogo. Kwenye kusema, kuna kale ka "to" watu wanakasahau: "he spoke harshly to me", siyo "he spoke me harshly". Kwenye kushughulikia ni "with": "they dealt harshly with him". Ukilinganisha ni "more harshly", hakuna "harshlier", sijui nani alianzisha ile. Mfano unaokutana nao sana: "women are judged more harshly than men", wanawake wanahukumiwa vibaya zaidi kuliko wanaume, kwa kosa lilelile.

Kosa linalofuata kwa wingi baada ya lile la hardly ni kutumia harshly mahali ambapo harsh peke yake ndo inatakiwa. Vitenzi kama is, sound, seem, look, feel havielezi tendo, vinaeleza hali, kwaiyo vinataka kivumishi. "His voice sounded harsh", usiweke harshly hapo. "The punishment was harsh." "It may seem harsh but..." hii ya mwisho ikariri kabisa, inafaa sana ukiwa unataka kusema kitu kinachouma kwenye kikao, ni kama sisi tunavyosema "inaweza ikaonekana nimekuwa mkali lakini..." Na kinyume chake pia kipo, mtu anaandika "he treated me harsh". Mtaani unaweza kuisikia, kwenye nyimbo ndo usiseme, ila kwenye barua kamilisha, weka ly yako.

Vitenzi vinavyopenda kukaa na harshly siyo vingi. Treat, judge, punish, criticise, speak, deal with, hivyo ndo vya kila siku. Ukijua hivyo sita umeshaweza maisha. Judge kanazidi kupendwa na watu kwenye "don't judge me too harshly", ambayo sisi tungesema "msinihukumu sana jamani", mtu anaweka picha ya chapati zake za kwanza zimetoka ramani ya Afrika afu anaandika hiyo chini yake. Hapo hakuna ukali wowote wa kweli, ni kujihami kwa utani. Na kuna "you're being too harsh on yourself", unajilaumu kupita kiasi, hiyo mtu anakwambia kwa upendo kabisa.

Sasa kitu ambacho mimi binafsi nakipenda kuliko vyote kwenye hili neno. Kingereza kinachukua kitenzi kipoa, speak, afu kinakimwagia pilipili juu, harshly. Kiswahili hakifanyi hivyo, sisi pilipili tunaisaga ndani ya kitenzi chenyewe. Kufoka, kukaripia, kukemea, kugombeza, kusuta, kubwatukia. Ona tofauti zilivyo, kufokea ni sauti juu, kukaripia kuna ukubwa na udogo ndani yake, mkubwa ndo anamkaripia mdogo, kusuta ni mbele za watu na mara nyingi kuna shoga zako umekuja nao, kubwatukia ni kama mtu alikuwa amejaa anasubiri sababu. Zote hizo mwingereza mvivu atakuandikia "spoke harshly".

Kwaiyo ukiwa unatafsiri kuja Kiswahili, "he spoke harshly to her", usiniletee "aliongea naye kwa ukali", ni sahihi lakini imelala, inanukia tafsiri. Sema "alimfokea". Kama ni baba na mtoto, "alimkaripia". "He was harshly criticised" sema "alisemwa vibaya" au kama ni huku mitandaoni "walimshukia". "They treated the prisoners harshly" inaweza kuwa "waliwanyanyasa wafungwa", au "waliwatesa" kama habari yenyewe inaonyesha hivyo. Tena kuna kuonea, neno zuri sana hili, "alinionea", kingereza hakina neno moja la kulimaliza, inabidi useme "he treated me harshly and unfairly" ndo ukaribie.

Rudi tena kwenye Biblia, 1 Timotheo 5:1, kingereza cha kisasa kinasema "do not rebuke an older man harshly". Kiswahili: mzee usimkemee. Basi. Harshly imekwenda wapi? Imo ndani ya kukemea, sisi hatuhitaji kumwambia mtu usimkemee mzee kwa ukali, kwani kuna kukemea kwa upole?

Ukienda njia ya kinyume, kutoka Kiswahili kwenda kingereza, ndo unatakiwa ukumbuke kuitoa hiyo pilipili na kuiweka nje. "Bosi alinifokea mbele ya wateja" usipeleke "the boss told me in front of customers", umeipooza mno. "The boss spoke harshly to me in front of customers", au kama sauti ilipanda kweli, "shouted at me". Hapa angalia, shout ni sauti, harshly ni maumivu, mtu anaweza kukukwaruza kwa sauti ya chini kabisa akiwa anatabasamu, na huyo ndo harshly yake inauma zaidi.

Mtego mwingine uko kwenye neno "vikali". Redioni na magazetini kila siku mnasikia fulani "amelaani vikali" tukio fulani. Watu wanaibeba moja kwa moja, "harshly condemned". Usemi wenyewe waliouzoea ni "strongly condemned", maana anayelaani anaonyesha msimamo wake, hajazidisha wala hajamkwaruza mtu asiyestahili. Vivyo hivyo "amepinga vikali" ni "strongly opposed", na "amekanusha vikali" ni "strongly denied". Hata barua, "strongly worded letter" ni barua yenye msimamo, unaweza kuiandika ukiwa na adabu zako zote. "Harshly worded letter" ni barua yenye maneno ya kuchoma, na ukiisoma tena kesho yake asubuhi unatamani ungekuwa hujaituma. Mimi nimeshazichapa nyingi za aina hiyo, mteja ni mteja.

Majirani wa harshly sasa. "Severely" nimeshaigusa, kumbuka tu kwamba yenyewe inapima ukubwa, ndo maana inafanya kazi hata pasipokuwa na mtu mkali: "severely injured", ameumia vibaya, "severely damaged by floods", imeharibiwa vibaya na mafuriko. Ukiandika "harshly injured" umekosea, jeraha halikuhukumu mtu. "Sternly" iko usoni na kwenye sauti, bibi anakuangalia juu ya miwani tu unaacha ulichokuwa unafanya, hakuna aliyeumia hapo. "Sharply" ni ukali wa ghafla, "sit down, she said sharply", na hiyohiyo ndo inatumika kwa bei, "prices rose sharply", bei zimeruka, kwaiyo usishangae ukiikuta kwenye habari za sukari.

"Roughly" ni ukali wa mikono. Kusukuma, kuvuta, kubeba mzigo bila huruma. Mgambo wanambeba machinga na meza yake juu kwa juu, hapo ni "they handled him roughly". Lakini hili neno lina nyumba mbili, na nyumba ya pili ndo lina watu wengi zaidi: "roughly 50 people" ni kama watu hamsini hivi, kwa kukadiria. Nimeshaona mtu katafsiri "police arrested roughly 50 people" eti polisi waliwakamata kwa ukatili watu hamsini. Maskini polisi, siku hiyo hawakuwa na kosa.

"Cruelly" na "brutally" ni daraja la juu yake. Harshly mtu anaweza kufanya kwa hasira, kwa kuchoka, kwa kulelewa hivyo, hata kwa kuamini anakusaidia. Cruelly kuna moyo mbaya ndani, anajua inauma na anaendelea. Brutally kuna nguvu na damu, ingawa utaikuta pia kwenye "brutally honest", mtu anayekupasulia ukweli bila kupaka mafuta. Ukitaka kujua kwamba maneno haya siyo ya kubadilishana hovyo tazama Azimio la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa la 1948, kifungu cha 5, wanakataza mateso na kutendewa "cruel, inhuman or degrading". Hawakuandika harsh. Kwa sababu ukali uliozidi kidogo haujawa bado jambo la kuitia dunia nzima, ukatili ndo wa hivyo. Lakini harsh nayo ina kazi yake mahakamani, ukisoma hukumu za rufaa hasa za Kenya utakutana mara kwa mara na "harsh and excessive", mtu anaiambia mahakama sawa kosa nililifanya ila kifungo mlichonipa kimezidi. Unaona lile swali letu la kwanza? Imezidi. Limekaa humohumo kwenye sheria.

Tuzijaribu chache za mtaani kabla sijamrudia yule dada. "Konda alimbwatukia bibi kisa chenji": the conductor spoke harshly to the old woman over her change. "Mama ni mkali kwenye suala la muda": hapo ni strict, my mother is strict about time, ukiweka harsh umemsema vibaya mama yako bure. "Timu ilisemwa sana baada ya kufungwa": the team was harshly criticised, na kama walistahili, kama kipa aliachia mpira katikati ya miguu, andika "heavily criticised", inaeleza wingi wa maneno bila kuwatetea. "Baridi kali": kama ni Makambako mwezi wa saba, "bitterly cold" ndo wanavyosema, ila "harsh winter" ipo pia kwa zile nchi za theluji. "Wafanyakazi wananyanyaswa": the workers are mistreated, hapa nimeiacha harshly kabisa kwa sababu mistreat imeshabeba ubaya wake, ukiandika "mistreated harshly" umeweka chumvi mara mbili.

Matamshi, haraka haraka. Ulimi wetu haupendi konsonanti zibanane kwaiyo tunapenyeza i, tunasema "hashili". Vuta a kwanza, haaash, afu bandika li bila kupumzika: haashli. Wamarekani wanaitamka ile r, waingereza wengi wa London hawaitamki, chagua moja. Kwenye kuandika r usiisahau, "hashly" kila siku naiona. Na usichanganye na "hastily" ambayo ni haraka haraka, maana "he judged me hastily" ni kwamba hakunisikiliza vizuri, "he judged me harshly" ni kwamba alinisikiliza afu akaniumiza.

Sasa yule dada. Nikamwandikia "My employer treated me harshly." Akasoma, akasema kaka mbona imekuwa ndogo hivi, hakuna neno kubwa zaidi? Weka very. Nikamwambia sikiliza dada, harshly ni maoni yako, na wakala akitaka atasema we ndo mdeko, kazi za watu ndo zilivyo. Ukitaka ikae lazima chini yake uweke alichofanya, kimoja kimoja, bila kielezi hata kimoja. Tukakaa kwenye benchi pale nje, yeye anaongea mi naandika, wateja wawili wanasubiri kopi za vyeti wakawa wametulia na wao wanasikiliza.

Alichukua pasi yangu ya kusafiria siku niliyofika. "She took my passport on the day I arrived." Simu nilikuwa napewa mara moja kwa wiki. "She let me use my phone once a week." Nilikuwa naamka saa kumi alfajiri nalala saa sita usiku. "I worked from 4 a.m. until midnight." Hapa nikamsimamisha kidogo kuhakikisha masaa, maana sisi saa kumi ni saa nne ya kwao na ukikosea hapo unaandika unaanza kazi saa nne asubuhi kama mtu wa benki. Alikuwa ananifokea mbele ya wageni. "She spoke harshly to me in front of guests." Hii harshly ya pili nikaiacha, inafanya kazi.

Akaniuliza kwa nini tusiseme "cruelly". Nikamuuliza, aliwahi kukupiga, kukunyima chakula, kukufungia ndani? Akafikiria. "Kunipiga hapana. Chakula nilikuwa nakula. Ila siku mama yangu anaumwa aliniambia wote mnasingizia kuumwa mkitaka kurudi kwenu." Nikashika kibodi nikawa sijui niandike neno gani. Mwisho nikaiandika hivyohivyo alivyoisema, kwa alama za kunukuu, sikuweka kielezi pembeni. Harshly ya juu ikabaki mahali pake, very hatukuweka.

Akataka kopi tatu, moja abaki nayo, moja ya wakala, moja ya dada yake. Ya tatu printa ikakwama katikati, ikabidi nizime niwashe.